Mahali pa Kuikalisha Kamera

Mume wangu alifariki Jumatano asubuhi, akiwa ameegesha gari vizuri kuliko siku nyingine zote. Kwa kawaida aliliacha limekaa kombo, tairi moja juu ya ukingo wa maua, nami nikigomba. Siku hiyo alilinyoosha sambamba na ukuta, akazima injini, akaingia ndani, akaomba maji. Nilipotoka jikoni na bilauri nilimkuta amekaa kwenye kochi la sampuli, lile tunalowaonyeshea wateja vitambaa, ameegemeza kichwa. Nikamwambia asiegemeze kichwa pale, kitambaa ni cha watu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya mwisho kwake. Wengine huagana na wapenzi wao kwa maneno ya kuandikwa kwenye mawe ya makaburi. Mimi nilikitetea kitambaa.

Watu walimwita Ngazi. Mimi nashona mapazia na mito ya makochi, yeye alikuwa akiyatundika mapazia majumbani na maofisini, na hakuwahi kupanda juu ya kitu. Alinyoosha mikono tu, pazia likapanda. Nami Mungu alinigawia kimo kilichobaki baada ya kumaliza kumgawia yeye. Tukisimama pamoja kwenye harusi za watu, wapiga picha waliniomba nisimame, nami nimeshasimama.

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, kazi zilikuwa zikinisubiri. Kulikuwa na mapazia ya zahanati, tena ya kijani, yaliyokwisha kupigwa pasi. Leseni ninayo, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, ingawa nilikuwa naendesha kama ninavyokula dawa, yaani nikilazimishwa. Nikachukua ufunguo, nikafungua mlango, nikapanda.

Kiti kilikuwa kimerudi nyuma hadi mwisho. Miguu yangu ilining'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Nikatazama kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, nikaona taa ya darini. Nikapeleka mkono chini ya kiti kutafuta chuma cha kukisogezea, nikakigusa, kisha nikaurudisha mkono mapajani.

Kiti kile kilikuwa kimesogezwa na mkono wake. Kioo kile kilikuwa kimekaa kama macho yake yalivyotaka. Nguo zake dada yake alikwisha kuzigawa, viatu vimekwenda kwa binamu wa miguu mirefu, kitanda nimekigeuza. Kilichobaki kama alivyokiacha kilikuwa kiti na kioo. Niliona nikivigusa hivyo, basi atakuwa ameondoka kweli. Mtu mwenye akili zake angejua kwamba ameondoka tayari. Tulimzika mchana kweupe, mbele ya umati, na mimi nilikuwepo.

Vioo vya pembeni nilivirekebisha siku hiyo hiyo bila shida. Hivyo kila mpita njia huvipiga kiwiko, kwa hiyo sikuvihesabu. Huzuni nayo ina sheria zake, na aliyezitunga ni mimi.

Kinyozi hajinyoi, husema wahenga, lakini mshona mito hujishonea. Nilikata sponji ngumu, ile ya makochi ya ofisini, nikashona mto wa kukalia. Nikashona mwingine mnene wa mgongoni, unaonisukuma mbele mpaka ncha za vidole vya miguu zifike kwenye breki. Niliutia zipu na kuupamba ukingo kwa kamba ya kusokota, maana kichaa nacho kina ufundi wake. Nikaendesha. Niliona barabara kupitia uwazi ulioko kati ya usukani na dashibodi. Nyuma nilipaona kwa vioo vya pembeni na kwa dua.

Mtaani ikaenea kwamba gari la marehemu Ngazi linajiendesha lenyewe. Mwenye duka la jirani aliniambia amewahi kuliona likipita tupu, likawasha indiketa, likakata kona.

"Angalau liliwasha indiketa," nilimjibu.

*

Kamera ilikuja kwa sababu ya lori. Nilikuwa nimesimama nje ya duka la vifaa vya ujenzi, nimekwenda kununua fimbo za mapazia, injini inaunguruma. Lori likarudi nyuma taratibu, likaukunja uso wa gari langu kama mtu akunjavyo gazeti. Watu wakajaa. Dereva wa lori akaapa kwamba alitazama kabla ya kurudi, akaona gari halina mtu, na gari lisilo na mtu haliwezi kuwa na haraka.

"Mimi nilikuwemo!" nikasema.

"Mama, ungekuwemo ningekuona."

"Nilikuwemo, nikapiga honi!"

"Honi niliisikia," akasema, akiwageukia watu kama anayetaka huruma. "Niliisikia, nikatazama tena. Hamna mtu. Sasa mimi nifanyeje, nimsubiri jini?"

Umati ulicheka, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa shahidi. Nilirudi nyumbani na taa moja imelegea kama jicho la mlevi.

Binti yetu anafanya kazi mbali. Nilimsimulia kwa simu, nikalitaja lori, mito nikaiacha. Baada ya siku chache ukaja mzigo, kiboksi kidogo chenye kamera ya gari, ile inayorekodi barabara muda wote unapoendesha. Akapiga simu.

"Mama, iweke leo. Sasa utakuwa na shahidi asiyecheka."

"Nitaiweka."

"Nitumie video ya kwanza nione kama imekaa vizuri. Na mama, usiishonee foronya."

Mtoto huyu ananijua.

Ndani ya kiboksi mlikuwa na njia tatu za kuifunga. Ya kwanza ilikuwa kikombe cha mpira cha kunyonya kioo. Ya pili, utepe wenye gundi pande zote mbili. Ya tatu ilikuwa mikanda ya mpira ya kuifungia kamera kwenye kioo cha ndani. Karatasi ya maelezo ilipendekeza ikae katikati, nyuma ya kioo hicho hicho, ambapo haimzuii dereva kuona. Mchoro ulionyesha mkono wa mtu ukikisogeza kioo kando kwa raha zake, kama mtu asiyewahi kufiwa.

Nikaanza na kikombe. Kioo cha mbele juu kina ukanda mweusi wa kuzuia jua, hapo kamera ingeona usiku wa milele. Chini ya ukanda huo ndipo penye dirisha langu dogo la kuona dunia, nikiibandika hapo nisingeona kitu kingine ila kamera. Nikaibandika mbele ya kiti cha abiria. Ilishika vizuri sana hadi jua lilipopanda. Nilikuwa kwenye mzunguko wa barabara iliposema *pwaa*, ikaanguka, ikarekodi zulia mpaka nilipofika. Kwenye video unasikika mlio wa injini na mimi nikiomba msamaha kwa madereva wote mmoja mmoja.

Nikaja kwenye gundi. Nikaibandika juu ya dashibodi. Marehemu alikuwa akiipaka dashibodi ile dawa ya kung'arisha kila mwisho wa wiki, miaka na miaka, hata inzi akitua pale huteleza. Utepe ulishika kwa upendo wakati gari limesimama. Nilipokata kona ya kwanza, kamera ilisafiri kutoka kushoto hadi kulia bila haraka, kama abiria anayehamia dirishani. Video yake inaonyesha barabara, kisha ukuta, kisha pua yangu kwa karibu.

Binti aliitazama, akapiga simu.

"Mama, kwa nini kidevu chako kiko juu ya usukani?"

"Picha inadanganya."

"Na nyuma yako ni nini, umebeba godoro?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

*

Ndipo nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari. Ni mtu mzima anayependa kusikia sauti yake. Karakana yake ni banda la mabati lenye redio isiyozimwa. Aliishika kamera akaigeuza huku na huku.

"Hizi tunafunga kila siku, Mama Mapazia. Nyuma ya kioo, waya unapita darini, unashuka hapa pembeni, kwisha. Kabla chai haijapoa."

"Hakuna pengine?"

"Pengine kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Mama, kamera ni kama picha ya arusi, ina mahali pake. Huwezi kuitundika chooni."

Akafungua mlango wa dereva. Akaiona mito. Akautoa wa kukalia, akaubonyeza, akatikisa kichwa kwa heshima ya kazi nzuri, akauweka juu ya tangi tupu. Akautoa na wa mgongoni. Kisha akaketi, na kwa kuwa ni mtu mfupi mwenye tumbo, mkono wake ukashuka chini kutafuta kile chuma.

"Usiguse!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Fundi aliruka akagonga kichwa darini. Jirani yake anayeziba pancha alikuja mbio na spana mkononi.

"Nyoka?" akauliza.

"Hamna nyoka," nikasema.

"Sasa nisiguse nini?" fundi akauliza, mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Kiti. Na hicho kioo. Funga kamera bila kukisogeza kioo."

"Mkono haupiti, mama. Lazima kisogee kidogo. Hivi tu." Akaonyesha kwa vidole, kidogo kweli, unene wa kipande cha mkate.

"Hata kidogo."

Akanitazama. Akaitazama mito juu ya tangi, akakitazama kiti kilichorudi nyuma, akaitazama miguu yangu. Nilimwona akielewa. Alikuwa akimfahamu Ngazi, walikuwa wakibishana mpira. Akashuka garini taratibu, akairudisha mito mahali pake, akaipapasa.

"Basi," akasema. "Siku ukiwa tayari, njoo. Hata kama nimefunga, niite."

Angenicheka ningeona nafuu. Niliondoka na kamera yangu kwenye mkoba, nikiwa na hasira na mtu aliyenionea huruma.

Nikafanya kile ninachokijua, nikashona. Niliikata denimu nzito, nikashona kifuko kama nyanya kubwa, nikakijaza mchanga uliochekechwa, nikakitia mkanda wa kuibana kamera juu yake. Kifuko kizito hakihitaji gundi wala kikombe, kitakaa chenyewe kwenye dashibodi kwa uzito wake. Nilijisifu mchana kutwa. Nilijiuliza kwa nini wenye viwanda hawajafikiria jambo hilo. Jibu nililipata kesho yake.

*

Kesho yake tulikuwa tunapeleka mapazia ya shule ya awali anakofundisha wifi yangu, dada wa marehemu. Wifi ndiye ananitundikia siku hizi, akitoka kazini. Naye ni wa ukoo ule ule wa ngazi, mrefu, mikono kama makasia, ulimi mrefu kuliko mikono. Hajui kuendesha hata toroli, lakini akikaa kiti cha mbele anaendesha kwa mdomo tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

"Wifi, hiyo nyanya ya nini?"

"Ni kishikilia kamera."

"Umeijaza nini?"

"Mchanga."

"Hee! Binadamu wamekwenda mwezini, wewe unapakia mchanga kwenye gari."

"Kaa ufunge mkanda."

"Nimefunga. Na wewe simama basi tuondoke. Au umeshasimama?"

Utani wa mawifi hauna likizo, hata kwa wafiwa. Tukaondoka. Kifuko kilikaa kimya, kizito, kama mzee kwenye kikao. Nikamwonyesha kwa kidevu, unaona? Tukapita barabara kubwa, tukapita sokoni, tukaingia ile njia inayoteremka kuelekea shuleni. Kwenye mteremko nilikanyaga breki taratibu. Kifuko kikainamia kioo cha mbele. Nikaachia, gari likaruka tuta, pua ikainuka. Kifuko kikateleza kwenye ile dawa ya kung'arisha, kikauvuka usukani, kikaniangukia mapajani, kutoka hapo kikadondoka miguuni na kujikalisha nyuma ya kanyagio la breki, kama kimeshonewa hapo. Na kwa kweli kilikuwa kimeshonwa, tena vizuri, mshono maradufu.

Nikakanyaga. Breki ikashuka nusu, ikagota mchanga.

"Wifi, punguza."

"Napunguza!"

"Wifi! Kuna watu!"

Mbele, wanawake wawili walikuwa wanavuka na ndoo kichwani, hawajatuona, au wameona gari tupu wakajua limeegeshwa. Nilijaribu kukitoa kifuko kwa mguu, lakini mguu wangu, unaofika kwa ncha za vidole tu, haukuwa na nguvu ya kukisukuma. Mto wa mgongoni ukateleza ukaanguka pembeni, nami nikarudi nyuma mpaka nikalala. Sikuona tena barabara. Niliiona dari, na taa yake. Wifi aliushika usukani akauvuta kwake, na mimi nikaivuta hendibreki kwa mikono miwili. Gari likaiacha barabara, likapanda lundo la mchanga wa mtu anayejenga, likazama hapo kwa upole, pua juu.

Wanawake wa ndoo wakageuka, wakatutazama, wakaenda zao.

Wifi alifungua mlango akashuka. Akazunguka mbele ya gari akishikilia boneti. Nilidhani anakuja kunisaidia.

"Shuka."

"Wifi..."

"Shuka nione unaendeshaje. Tungeua watu, sasa hivi tungekuwa tumeua watu. Shuka!"

Nikashuka. Ilibidi niruke. Akautoa mto wa kukalia akauangalia, akauangalia wa mgongoni, akaitupa yote mchangani, mito yangu niliyoishona kwa ufundi.

"Hujasogeza kiti," akasema.

Niliinama kuikung'uta mito mchanga.

"Tangu aliposhuka yeye, hujasogeza kiti?"

"Wala kioo."

"Wewe mwanamke!" Sauti yake ikapasuka katikati. "Unadhani ni wewe peke yako uliyefiwa? Mimi nimetundika mapazia yake kwa mikono yangu, nikakaa kimya. Na wewe umejifungia naye humu unajitafutia ajali. Kaka yangu hakuwa kiti!"

Akaketi kwa hasira, kama mtu anayetaka kukivunja. Akaingiza miguu ndani. Magoti yakapita chini ya usukani bila kugusa. Mgongo ukaegemea, kichwa kikafika kwenye kiegemeo cha kichwa, mikono ikaangukia usukani imekunjika vile vile alivyokuwa akiikunja yeye. Kiti kilimwenea kama kimetengenezwa kwa ajili yake.

Akainua macho kwenye kioo. Akakitazama muda. Akageuka kutazama nyuma, kisha akakitazama tena.

"Wifi," akasema, na hasira ilikuwa imemtoka. "Hiki kioo hakionyeshi barabara."

"Kwangu kinaonyesha taa ya darini."

"Kwangu hakionyeshi dirisha la nyuma. Kinaonyesha kiti cha nyuma. Kule upande wa pili, mlangoni. Yanaonekana mapazia tu." Akanyoosha kidole. "Pale alikuwa anakaa nani?"

Pale nilikuwa nakaa mimi.

Siku zote nilikaa nyuma, si kwa uheshimiwa. Mapazia yaliyopigwa pasi hayakunjwi, nilikuwa nayatandaza kwenye kiti na sehemu nayabeba mapajani ili yasipate mikunjo. Na kwa kuwa hatujawahi hata siku moja kumaliza kazi kwa wakati, nilikuwa nikishona pindo za chini kwa mkono humo humo njiani, nimeinamia sindano toka nyumbani hadi kwa mteja. Yeye alikuwa akiniambia, "Inua kichwa, mama, uione dunia." Nami nikamjibu kwamba dunia haina pindo, ila pazia linalo. Nilijiona mjanja kwa jibu hilo. Nililitumia miaka mingi.

"Kaa pale," wifi akasema.

"Tuko juu ya mchanga wa watu."

"Kaa, nimekwambia."

Nikaingia nyuma, nikayasogeza mapazia ya shule, yale yenye maua ya njano, nikakaa mahali pangu. Mikono ikatafuta sindano, haikuipata. Nikainua kichwa.

Kwenye kioo mlikuwa na macho tu. Kioo ni chembamba, hakina nafasi ya pua wala mdomo wenye maneno makali. Ni macho yale ya ukoo wao, makubwa, yenye ukope wa juu mzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Yalikuwa yananitazama mimi, wala hayakuhitaji kutafuta.

"Nakuona," wifi akasema. "Nakuona wewe na mlango, basi. Barabara siioni hata kidogo."

Nikalivuta pazia moja mapajani.

Halafu yale macho yakafumba kidogo pembeni.

"Ina maana kaka alikuwa haoni nyuma?"

"Inaelekea."

"Miaka yote hiyo?"

"Ndiyo maana aligonga geti la kanisa."

"Na ule ukuta wa benki!"

"Aliniambia ukuta umesogezwa."

Tulicheka. Tulicheka mpaka gari likaanza kuzama upande mmoja, mpaka nikajifuta uso kwa pindo la pazia la watoto. Nilikuwa nikiabiri gari la mtu asiyeona anakorudi, nikiwa nimeinama, nikiwa na amani kabisa. Wifi alikuwa analia na kucheka, sijui kipi kilianza. Nami hivyo hivyo.

Mwenye mchanga akaja. Mzee mwenye kofia ya kujengea, akagonga kioo.

"Samahani, mama zangu. Mmeumia?"

"Hapana, baba," wifi akasema.

"Basi mnashuka lini? Maana mafundi wanaungoja mchanga."

"Sasa hivi, baba. Huyu dereva anarudi kitini."

Alipokwenda kuwaita vijana wa kutusukuma, wifi hakuinuka upesi. Alikaa mikono ikiwa kwenye usukani. Akasema, bila kugeuka, akizungumza na kile kioo:

"Alikigeuza akuone wewe ukiwa hapo nyuma. Sasa wewe umekaa mbele. Umekilinda kikiwa kinatazama mapazia."

Nikayasogeza mapazia kando, nikashuka.

Wifi naye akashuka, akanipisha. Nikapanda mbele bila mito, nikazama kwenye kiti kama sarafu kwenye mfuko. Nikapeleka mkono chini nikakishika kile chuma, nikakivuta juu. Kiti hakikwenda. Kilikuwa kimeshikwa na vumbi, na nadhani nyuzi zangu pia. Nikavuta tena.

"Ngoja," wifi akasema, akaingia nyuma, akaegemeza miguu yake mirefu mgongoni mwa kiti. "Moja, mbili..."

Hakufika tatu. Kiti kiliruka mbele hadi mwisho, kifua changu kikagonga usukani, honi ikalia mtaa mzima ukasikia. Vijana waliokuwa wanakuja kusukuma wakasimama, wakaanza kupiga makofi.

Kioo nilikigeuza mwenyewe. Hakikuwa kigumu. Nilikishika pembeni, nisikichafue kwa vidole, nikakizungusha kidogo kidogo. Kikapita mlango, kikapita mapazia, kikapita uso wa wifi, ambaye alikuwa akitazama nje. Kikafika kwenye dirisha la nyuma. Nikaona njia tuliyotoka, na wale wanawake wa ndoo wakiwa wamefika mbali.

Tulichelewa shuleni. Mwalimu mkuu alinuna, nasi tukamwambia ukweli, kwamba tulikwama mchangani, akaona tunamtania. Wifi akatundika mapazia yote bila kupanda kitu. Mimi nilikuwa chini, nikimshikia ndoano na kumwambia upande wa kushoto umezidi.

Kurudi tukapita kwa fundi. Alikuwa anafunga banda. Akainama dirishani, akakitazama kiti, akakitazama kioo. Akaenda kuchukua bisibisi.

Siku hizi kamera iko nyuma ya kioo cha ndani, imebandikwa kwa utepe wa gundi, waya unapita darini. Naendesha nikiwa nimekaa kwenye kiti chenyewe. Mapazia hukaa nyuma peke yake, na hupata mikunjo.